Sehemu za siri ni siri ya nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua, na ikiwezekana usinipunguzie maneno, maana safari hii maneno ndiyo hoja yenyewe.

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya mzazi aliyelalamika kwamba siku hizi shule za msingi zinafundisha "mambo ya chumbani". Aliandika kwa uchungu na kwa Kiswahili kizuri. Sehemu kubwa ya aliyoyasema ningeyasema mimi miaka saba iliyopita, tena kwa ukali kumzidi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Nafundisha sayansi, nina wanafunzi 52, wengi wao wa miaka 10 na 11. Kila Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, nawafundisha hilo somo ambalo mzazi huyo analiogopa: mwili, kubalehe, urafiki, na namna ya kukaa na watu. Sikulitafuta. Kwa miaka 12 nililikimbia, na nitaanza na hizo mbio zangu kwa sababu najua walimu wenzangu wanaosoma gazeti hili watajiona humo.

Kitabu cha sayansi kina sura ya uzazi, na inaanza na mimea. Mhariri, hakuna mwalimu aliyefundisha uzazi wa mimea kwa mbwembwe kama mimi. Nilikuwa naingia darasani na ua mkononi, nalichambua petali moja baada ya nyingine, nawaonyesha stameni, nawapaka chavua kwenye ncha za vidole. Wanafunzi wangu walijua chavua inatua wapi, inashuka kwa njia gani na inakutana na nini huko chini. Kisha ukurasa unageuka, anakuja binadamu. Hapo nilikuwa nafunga kitabu na kusema, "Hii mtaisoma wenyewe nyumbani." Mwaka baada ya mwaka. Nikatoa watoto wanaojua siri zote za ua na hawajui lolote kuhusu miili waliyokuja nayo shuleni.

Na huko nyumbani nilikowapeleka nilikujua vizuri, maana mimi mwenyewe ni baba. Mtoto wangu wa kwanza nilimfundisha kuendesha baiskeli na kufunga kamba za viatu. Hili nilimwachia mama yake. Mama yake akaniachia mimi, akiamini kwamba mwalimu wa sayansi hawezi kukosa kulisema. Tulikuja kugundua kosa letu wakati binti ana miaka 14, na kwa msaada wa nani aliyajua aliyoyajua, mpaka leo hatujathubutu kumuuliza.

Kilichonigeuza ni kazi ya nyumbani. Niliwapa wanafunzi mchoro wa mwili wa binadamu waweke mishale na majina. Walijitahidi kweli: kope, ndewe, kiwiko, kitovu, goti, kifundo cha mguu, mpaka kisigino. Lakini katika madaftari karibu yote, kati ya kitovu na goti hapakuwa na mshale hata mmoja, utadhani binadamu amekatwa kwa msumeno. Mvulana mmoja tu ndiye aliyejaribu. Alichora mshale, akaandika "sehemu za siri", na pembeni yake akachora kufuli. Kufuli zuri, lenye tundu la ufunguo.

Nilicheka mpaka nikalipeleka daftari ofisi ya walimu wenzangu nao wacheke. Walicheka wote isipokuwa mmoja, mwalimu wa kike aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, ambaye wanafunzi walimwita Bibi na sisi walimu tukafuata. Aliliangalia lile kufuli, akanirudishia daftari. "Mwanangu," akasema, "na siku akiguswa hapo, atakuja kukuambia kitu gani?"

Nilifungua mdomo, nikakosa jibu.

Tangu siku ile nimelifikiria sana neno hilo, siri. Tunalitumia kwa nia njema. Tunataka kusema kwamba pana stara, kwamba mtu haoneshi mwili wake ovyo. Lakini faragha na siri ni vitu viwili. Cha faragha ni changu, ninaweza kukisema nikitaka, kwa ninayemwamini. Cha siri kimefungwa, kukisema ni kosa. Sasa mtu mzima anayemwinda mtoto anasema nini baada ya kumgusa? Anasema, "Hii ni siri yetu, usimwambie mtu." Hana haja ya kubuni neno jipya. Sisi wazazi na walimu tumeshalipanda kwenye kichwa cha mtoto tangu anajifunza kuoga: hapo pana siri. Yeye anakuja kuchuma tu. Na kwa kawaida huyo si mgeni wa kutoka gizani. Wanaofanya kazi ya kuwalinda watoto wamekuwa wakisema miaka mingi kwamba mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua, anayemwamkia kila siku.

UNICEF ilitoa hesabu mwaka 2024: duniani, wanawake na wasichana zaidi ya milioni 370 walio hai leo walibakwa au kushambuliwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Ni mmoja katika kila wanane. Wavulana nao wamo, kwa mamilioni. Sikuileta namba hii ili kumtisha yeyote. Niliileta kwa sababu nilifanya ugawaji ambao kila mwalimu wa hesabu angeufanya, nikaiangalia orodha yangu ya mahudhurio, kisha nikaacha kuiangalia.

Bibi ndiye aliyesema tuwaite wazazi kabla ya kufundisha chochote. Mimi nilitaka tufundishe kwanza tuombe radhi baadaye. Nashukuru sikusikilizwa. Walikuja wengi, na baba mmoja, mtu wa heshima na mwenye sauti, alisimama akauliza lile ambalo mzazi wa barua yako ameliuliza: "Mwalimu, mkiwafundisha haya si mtawaamsha waliolala?"

Bibi hakumjibu. Aligawa vikaratasi, akaomba kila mzazi aandike, bila jina lake, neno ambalo mtoto wake hulitumia nyumbani kutaja kiungo chake cha mbele. Vikaratasi vikarudi 31. Akaanza kusoma kimoja kimoja, kwa sauti ileile anayosomea mahudhurio. Kidude. Ndege. Ua. Kidudu. Pipi. Kikombe. Huko chini. Hiyo. Mjomba. (Naapa, Mhariri, mjomba.) Ukumbi ulikuwa unavunjika mbavu. Nilihesabu majina 17 tofauti. Alipomaliza aliwaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe, kisha akasema: "Sasa kesho mtoto anakuja kwangu analia, ananiambia, 'Mwalimu, yule kaka amenichukulia pipi yangu.' Mimi nitafanya nini? Nitamwambia asilie, atapata nyingine."

Hakuna aliyecheka. Yule baba alikaa.

Baadaye, nje ya ukumbi, aliniuliza swali la haki kabisa: haya tumeyatoa wapi, au tumeyabuni sisi wawili? Nilimweleza nilichokuwa nimekisoma, na nitakieleza hapa kwa sababu barua uliyochapisha inasema ni mtindo wa juzi. Sweden ililifanya somo hili kuwa la lazima shuleni mwaka 1955, kabla mimi na yeye hatujazaliwa. Uingereza, kuanzia Septemba 2020, kila shule ya msingi lazima ifundishe elimu ya mahusiano: familia, urafiki, heshima, usalama. UNESCO pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, likiwemo la afya na la watoto, walitoa mwongozo mwaka 2009 wakaupitia upya mwaka 2018, na wameugawa kwa umri: miaka 5 hadi 8, 9 hadi 12, 12 hadi 15, na 15 kwenda juu. Mtoto wa miaka mitano hafundishwi anachofundishwa wa miaka 15. Anafundishwa majina ya viungo vyake, na kwamba ana haki ya kukataa mguso asioutaka. Kuhusu kuamsha waliolala, mwongozo huo ulipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba elimu hii haiongezi kufanya ngono miongoni mwa vijana. Alisikiliza yote. Akasema hayo ya Sweden ni ya Sweden, lakini la pipi limemwingia. Nami nakiri kwamba hata mimi ndilo lililoniingia.

Alhamisi ya kwanza niliandika ubaoni maneno matano: uume, korodani, uke, matiti, mkundu. Chaki ilinitoka jasho, au mkono. Darasa lililipuka. Niliwaambia nawapa dakika mbili za kucheka, nikavua saa nikaiweka mezani. Dakika ya kwanza walicheka kwa raha. Ya pili ilikuwa ndefu, wakaanza kuangaliana. Dakika zilipoisha nikauliza ni nani amewahi kuyasikia maneno haya. Mikono yote juu. Wapi? Wakanyamaza, mpaka msichana mmoja akasema, "Kwenye matusi, mwalimu."

Hapo nilielewa kitu ambacho hakimo katika mwongozo wowote. Lugha yetu ina majina mazuri tu ya viungo hivi. Chukua uume na uke: ni maneno yaliyoshonwa kwa mume na mke, hayana uchafu wowote ndani yake. Tumeyaachia wagomvi wa mitaani wayatumie kama mawe, nasi tuliobaki tukakimbilia kwenye "hiyo" na "huko". Mtoto anayehitaji neno la kumwambia daktari panapouma analikuta liko mikononi mwa mtukanaji. Akilisema, anapigwa kofi kwa kutukana. Nimeliona hilo kwa macho yangu: mvulana aliyevimba korodani kwa siku mbili akisema tumbo linamuuma, kwa sababu tumbo ndilo neno lililo karibu na lisiloadhibiwa. Korodani ikijinyonga, daktari anahesabu saa. Hana siku mbili za kusubiri. Yule alipona, kwa bahati.

Baada ya hapo niliweka sanduku. Boksi la viatu lenye tundu juu, kufuli hakuna, nimekoma na makufuli. Kila mwanafunzi anaandika swali na kulitumbukiza, na asiye na swali anaandika alichokula asubuhi, ili kalamu zote ziende na asijulikane aliyeuliza. Mzazi wa barua yako anadhani ndani ya sanduku la namna hii mna nini? Naomba nimwoneshe vikaratasi vichache kati ya vile ninavyovihifadhi.

"Nikivunja ungo mama atanipiga?" Nilikisoma mara tatu kabla sijaelewa. Huyu mtoto alikuwa amesikia watu wazima wakinong'ona kwamba fulani amevunja ungo, na yeye anaujua ungo, chombo cha kupepetea, na anajua anayevunja chombo hupata nini. Alikuwa anaishi na hofu ya kuvunja kitu ambacho hata hajakigusa. Nilimjibu, bila kumjua, mbele ya darasa zima: kuvunja ungo ni msemo, maana yake msichana amepata hedhi ya kwanza. Hakuna kinachovunjika. Hakuna kosa. Wasichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, na kutangulia au kuchelewa ndani ya miaka hiyo si ugonjwa. Damu hutoka siku chache, kisha hukaa wiki kadhaa kabla ya kurudi, na mwanzoni huwa haina ratiba ya kuaminika. Nilimwona msichana wa dawati la nyuma anashusha mabega. Labda ndiye, labda siye.

"Shingo ya kizazi iko wapi?" Hili lilikuja wiki ambayo wauguzi walitangaza kuja kuchanja wasichana dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo hiyo kwanza kabisa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, yaani haohao wangu. Siku ya chanjo wawili walikuja wamezungusha kitambaa shingoni. Walidhani sindano inachomwa hapo. Wamechanjwa watoto dhidi ya ugonjwa wa kiungo ambacho hakuna aliyethubutu kuwaambia kiko upande gani wa mwili.

"Kifua changu kimevimba upande mmoja na mimi ni mvulana, nageuka?" Huyu nilimjua, kwa sababu alikuwa ameacha kucheza mpira siku ambazo timu moja inavua mashati. Uvimbe wa namna hiyo ni wa kawaida kwa wavulana wanaobalehe na mara nyingi huondoka wenyewe, wakati mwingine huchukua mwaka au miwili. Sentensi mbili tu. Alikuwa ameibeba hofu hiyo muhula mzima kwa kukosa sentensi mbili.

"Mtu mzima akitaka nimkumbatie na mimi sitaki, nikikataa ni kukosa adabu?" Hapa ndipo darasa langu lilipogawanyika, na ndipo mimi mwenyewe ninapotembea kwa uangalifu. Adabu tunaitaka, nami ni wa kwanza kuitaka. Nimewafundisha kwamba salamu ni haki ya mkubwa, mwili si haki yake. Unaamkia kwa mdomo, kwa uso mkunjufu, na kama hutaki kukumbatiwa unasema "hapana, asante" na unabaki na adabu yako yote. Bibi yangu mzaa mama asingekubali. Nadhani angeelewa lakini asingekubali.

Mengine yalikuwa madogo, kama mambo ya watoto yanavyoonekana madogo kwa asiyekuwa mtoto. Rafiki yangu hataki kucheza nami kwa sababu nilimkatalia kunakili hesabu zangu, nimekosa? Kwa nini wavulana tukilia tunachekwa? Wazazi wakigombana ni kwa ajili yangu? Zaidi ya nusu ya sanduku huwa ni haya. Unaponiuliza somo la mahusiano lina nini, ukweli ni kwamba lina urafiki kuliko kitu kingine chochote. Hayo ya chumbani anayoyasema mzazi mwenzangu sijawahi kuyafundisha, na swali likija ambalo si la umri wao nawaambia hivyo waziwazi, kwamba hili lina jibu na wakati wake utafika.

Makosa tumefanya. Mwaka wa kwanza tuliwatenga, mimi na wavulana, Bibi na wasichana. Kufikia mapumziko wavulana wangu walishapata uvumi kamili kwamba wenzao wamefundishwa kuzaa. Kejeli zilizofuata zilidumu wiki. Sasa tunafundisha wote pamoja, na tunawatenga kwa kipindi kimoja tu cha maswali ambayo mtu hapendi kuyauliza mbele ya upande wa pili. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao, nami niliheshimu, nikawakalisha maktaba. Walilipata somo lote uwanjani siku hiyohiyo kutoka kwa wenzao, pamoja na nyongeza ambazo sikuzifundisha. Kule Uingereza wameweka mpaka ambao naona una busara: mzazi wa mtoto wa shule ya msingi anaweza kumtoa kwenye elimu ya ngono, lakini hawezi kumtoa kwenye elimu ya mahusiano, ambamo usalama wake umo. Mzazi ana haki zake. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 19 na ya 34, unampa mtoto naye haki ya kulindwa, na sijui utamlindaje mtu kwa kumnyima neno la kuitia msaada.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nitalisema kwa ufupi sana. Mtoto mmoja, sitasema mvulana au msichana, wala mwaka gani, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alisema sentensi moja. Ilikuwa na mtu, kiungo kwa jina lake, na maneno "aliniambia ni siri". Hatukuhitaji kumuuliza "hapo wapi?" Hatukumhoji. Bibi alikuwa amenifundisha: usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu, usimwekee maneno mdomoni, usimrudishe mara tano asimulie upya. Mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake kama alivyoyatamka, peleka kwa wanaohusika siku hiyohiyo. Tuliandika sentensi ile kama ilivyo. Waliofuata, daktari na wengine, waliikuta haina la kufasiriwa. Mengine si yangu kuyasimulia.

Sasa nakuja kwako, Mhariri, maana sikuandika ili kumjibu yule mzazi peke yake.

Wanafunzi wangu hufunika madaftari yao kwa magazeti ya zamani. Muhula huu mmoja alifunika daftari la sayansi kwa ukurasa wako wa habari za mahakamani, ikawa nikisahihisha kazi yake nausoma. Habari ilisema mtu amefikishwa mbele ya hakimu kwa tuhuma za "kumharibu" mtoto wa miaka tisa kwa kumshika "sehemu zake za siri". Wiki iliyofuata sandukuni mkawa na kikaratasi cha mwandiko ninaoujua: "Mtoto akiharibiwa anatengenezwa wapi?"

Nimefundisha miaka 19 na hilo ndilo swali pekee lililonifanya nitoke nje ya darasa kwanza. Niliporudi niliwaambia kwamba gazeti lilikosea. Kwamba mtoto anayefanyiwa ukatili haharibiki, hapungui, hachafuki; aliyefanya ndiye mwenye kosa na ndiye anayeshtakiwa. Wakaniuliza, kama gazeti lilikosea, mbona limechapishwa?

Ninaloomba ni dogo. Sheria zina maneno yake: shambulio la aibu, kubaka, kulawiti. Ni makali, lakini yanamtaja mtenda. "Kuharibiwa" kunamtaja mtoto, na kunamfuata akiwa mtu mzima. Na badala ya sehemu za siri, waandishi wako waandike sehemu za faragha, au kiungo kwa jina lake pale habari inapohitaji. Hakuna msomaji atakayezimia. Kama mtaogopa simu za wasomaji, wapeni yangu, nimeshazoea.

Nimeambatanisha nakala ya kikaratasi hicho. Nimekinakili kwa mkono wangu ili mwandiko wa mtoto usitambulike, lakini kosa lake la tahajia nimeliacha. Ningefurahi kikifika kwenye meza ya wanaoandika habari za mahakamani.

Wako,
Mwalimu wa darasa la tano
(jina na shule nimempa Mhariri)